Mwisho wa Neno la Daktari

Muuguzi wa hapa Itebero alipofungua chupa ya alkoli ili amdunge sindano mdogo wangu wa mwisho, harufu ile ilinirudisha Muheto, kwenye mkeka wa jikoni kwetu.

Mama alikuwa akifanya usafi katika kituo cha afya, na harufu hiyo haikumtoka mikononi. Hakusoma sana, lakini alikuwa amewasikiliza wauguzi miaka mingi. Jioni moja alinikunjulia karatasi ya Kifaransa aliyopewa na daktari, mimi nikiwa bado na sare ya shule.

"Angalia mwisho wa neno, mutoto wangu. Ikiisha na -ite, kitu kimevimba, kinawaka. Ikiisha na -ectomie, njo kusema watakata, watatosha kitu inje ya mwili."

Nililifuata neno kwa kidole hadi mwisho. Lilikuwa -ectomie.

"Watakukata, Mama?"

"Kidogo. Vile niko munene, hawatakosa pa kukata!"

Nilicheka, kisha nikamuuliza ni mwisho gani unaosema kwamba mtu atarudi nyumbani. Nilitaka anifundishe huo kabla hajaenda.

Mama aliikunja karatasi. Akachukua kibuyu chake cha kutengenezea siagi, ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa, akakilaza mapajani mwangu.

"Tikisa polepole. Sauti ikibadilika, siagi iko tayari. Wadogo zako wasikose."

Nilitikisa huku nikimtazama yeye, naye akawa akiirekebisha mikono yangu, mpaka sauti ikabadilika.