Kuku wa majirani walikufa, wangu wakabaki, na sasa kijiji kinamtazama mama mkwe wangu

Habari zenu nyote mnaofuata ukurasa huu. Jina langu limefichwa, na naomba anayehisi ananifahamu asilitaje hapa chini. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa upande wa Nyamira, si mbali na Sironga. Mume wangu ni mlinzi Mombasa, huja nyumbani Desemba. Hapa bomani tuko mimi, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, mjane aliyepita miaka sabini, mtu wa Sabato ambaye hajawahi kuniinulia sauti tangu nije hapa.

Nilianza ufugaji kwa sababu chai pekee haitutoshi. Mama mkwe alikuwa na kuku wake wa kienyeji, wadogo lakini wagumu, wanaolalia mayai na kulea vizuri. Mimi nikanunua jogoo wa kizungu kwa mfugaji mmoja wa Kiogoro, mwekundu, mzito, miguu minene, nikamwachilia kati yao. Vifaranga waliotoka walikuwa machotara. Walijitafutia chakula kama mama zao, lakini walikua haraka na kujaa kifua kama baba yao. Wachuuzi wa Keumbu wakaanza kunifuata hadi nyumbani.

Majirani walipoona, wakaanza kuleta kuku wao kwa jogoo wangu. Sikumkataza mtu. Asubuhi mimi huwa shambani nikichuma chai, kwa hivyo aliyewapokea langoni ni mama mkwe. Kila kuku alimshika mwenyewe, akampapasa kifua, akamwambia mwenye kuku arudi baada ya siku chache. Aliipenda kazi hiyo. Tangu baba mkwe afariki, watu walikuwa wameacha kupita kumsalimu, na sasa walikuwa wanakuja.

Mvua zilipoanza, mama mmoja tunayepakana naye alimchukua kuku wake kutoka kwetu, akafika naye nyumbani amezubaa. Siku iliyofuata shingo ilikuwa imepinda na anaharisha kijani. Kabla ya wiki kuisha banda lake lilikuwa tupu. Kisha ikawa boma la pili, na la tatu, na wote walikuwa wamepitisha kuku kwetu. Wangu, ambao nilikuwa nimewachanja kwa matone ya jichoni, walibaki uani wakidonoa na kunenepa.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo. Akaniambia ni kideri, na kwamba kuku wa maboma mengi wakikutanishwa mahali pamoja, mmoja akija mgonjwa, wengine hurudi nao ugonjwa makwao. Akasema, "Wako walikuwa na chanjo. Wale wengine hawakuwa nayo." Niliketi chini pale pale kwenye chai. Sikumwambia mtu.

Kijiji kikajitafutia maelezo yake. Kaka ya mume wangu alikuja kunieleza yanayosemwa kwenye kituo cha kuuzia chai: kwamba mama mkwe alipokuwa akipapasa wale kuku vifuani alikuwa akiwatoa uhai na kuutia kwa wetu, ndiyo maana wetu ni wazito. Nilingoja acheke. Hakucheka, na huyo ni mama yake mzazi.

"Shemeji," akasema, "mimi sitakuwa hapa watu wakija."

Nikamuuliza watu gani. Akaangalia barabarani, akaondoka bila kuaga.

Msio wa huku mtaona haya ni maneno tu. Sisi tunajua akina mama wazee waliotolewa nyumbani kwao na kuchomewa nyumba na watu waliokuwa wakila nao. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kanisani, benchi letu likabaki na sisi wanne tu. Binti yangu akarudi kutoka shuleni akiuliza omorogi, yaani mchawi, ni nani. Mume wangu akaagiza niuze kuku wote nimpeleke mama Mombasa. Nikawapeleka Keumbu, mchuuzi aliyekuwa akinifuata akaniambia kwa upole nisiwalete tena. Na mama akakataa kuondoka. Alisema, "Nikitoka sasa, nitakuwa nimekubali. Na mume wangu amelala hapa."

Sabato iliyopita tulirudi kutoka kanisani mchana, tukakuta majani ya migomba yamepangwa kuuzunguka ukuta wa nyumba ya mama, kuanzia mlangoni, yakifika magotini. Yalikuwa makavu kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kuna mtu aliyekuwa ameyaweka ndani mahali, akayangoja yakauke.

Mama akayatazama, akasema, "Kuna mtu ametukumbuka. Ametuletea ya kutandaza kwenye migomba." Akainama, akaanza kuyabeba. Nikamsaidia. Hadi leo sijui kama hakuelewa au alikuwa akiwafichia watoto.

Mzee wa kijiji ameitisha kikao Alhamisi. Nataka nisimame niseme kwamba kuku waliambukizana ugonjwa katika banda langu, kwa ajili ya jogoo wangu, na mikono ya mama haina lolote. Mume wangu amenionya kwamba watasikia neno moja tu, kwamba umetoka kwetu, na hapo tutakuwa tumekwisha sote wawili. Daktari wa mifugo nimemwomba aje, amesema ataona. Nikinyamaza, watamjadili mama akiwa ameketi papo hapo, kwa sababu anasema lazima aende. Leo amefua gauni lake la Sabato, ameniambia anataka kuwasalimu watu waliopotea.

Ndugu zangu, akina mama na akina baba mnaosoma haya, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisimame niseme, ninyamaze, au nimbebe kwa nguvu tuondoke kabla ya siku hiyo? Nishaurini kwa haraka, tafadhali. Alhamisi ni keshokutwa.