Swali la Udhu

Damu ya kwanza kwenye mkojo, babangu aliiita kichocho. Ati kimemrudia cha utotoni, alipokuwa akioga mitoni. Akanywa maji ya shayiri, akanyamaza. Mzee wangu huyo, aliyesalisha msikiti mdogo wa mtaani kwetu Mji wa Kale, angekufa kabla ya kutaja mkojo mbele za watu.

Tulipomfikisha hospitali, ilikuwa saratani ya kibofu, bado imeshika utando wa ndani tu. Wakaikwangua kwa kifaa kilichopitishwa njia ya mkojo, kisha wakawa wanamtia dawa humo humo kibofuni. Tukashukuru. Lakini saratani haina adabu. Ikarudi, na mara hii ikazama kwenye msuli wa kibofu. Daktari akatueleza polepole: atundikiwe dawa za mshipani kwanza kuidhoofisha, kisha kibofu kitolewe chote, na mkojo utokee tundu la tumboni uingie mfukoni. Wengine hufaa kuchomwa kwa miale wakabaki na kibofu chao, yeye hakufaa. Na ikishatoka nje ya kibofu, alisema, hawatakata tena.

Baba akauliza neno moja: "Na udhu wangu?"

Daktari, mtu wa bara asiyelijua neno hilo, akanitazama mimi. Baba akasema mkojo hutangua udhu, na mwenye mkojo ubavuni hasalishi watu, akainuka. Nikamwambia twende tukamuulize maalim wa Bondeni. Akaniwakia: "Nimefundisha udhu nusu ya mtaa huu, leo nikaulize udhu?" Wallahi nilimkasirikia. Mama alia, wajomba waja waondoka, Baba naye akonda huku akidai ni joto.

Miezi ikapita hivyo, mwishowe nikavaa buibui langu, nikenda Bondeni kwa maalim mwenyewe. Hakushangaa. Akasema mwenye udhuru, kama wa mkojo usiozuilika, hutawadha kila wakati wa sala ukiingia, akasali, na sala yake ni sahihi. Hata kusalisha, kwa madhehebu yetu, anaweza. Jambo lenyewe ndilo hilo tu! Baba akanisikiliza, akaomba nirudie.

"Nililisoma kitabuni," akasema. "Sikudhani ni mimi."

Kwa daktari hakungoja kukaribishwa kiti. Akasema amekubali, wakate. Daktari alikuwa na picha mpya mbele yake, alizopigwa Baba juma hilo. Akatueleza kwa upole kwamba saratani imeshafika mifupani na upasuaji hauna faida tena. Zilizobaki ni dawa za kuizuia, na za maumivu. Baba, akidhani hakusikika, akapaza ile sauti yake ya msikitini:

"Daktari, nimesema nimekubali."