Mwezi Uliposhikwa Mwabungo

Niliolewa Mwabungo katika mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nikitoka kwetu Vanga, na siku ya nne baada ya harusi mume wangu akarudi Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini, akawa anakuja Ijumaa mojamoja. Nikabaki na mavyaa, yaani mama yake mume wangu, katika nyumba ya makuti yenye vyumba viwili, na jiko uani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini, na yale ninayotaka kuyasimulia yalitokea mwaka wa pili yake, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza.

Mavyaa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Nilimwogopa. Si kwamba alinigombeza, la. Nikimaliza kukuna nazi alikuwa akiitazama nyama iliyobaki kwenye kifuu, kisha anaketi juu ya mbuzi na kuimalizia mwenyewe, bila neno. Nikifagia uwanja, anaokota jani moja nililoliacha. Mimi nilizoea nyumba ya kelele na dada wanne. Usiku wa kwanza nilipobaki naye peke yangu nililia kimyakimya mpaka leso yangu ikalowa.

Kila mwezi mwandamo ulipofika kumi na tatu alianza kufunga, akafunga siku tatu, hadi kumi na tano. Aliziita siku nyeupe, kwa kuwa mwezi huwa mzima na usiku wake wote una nuru. Hizo funga alifundishwa na baba yake, na hakuziacha hata alipokuwa akiumwa na goti. Akimaliza kuswali isha alitandika mkeka uani, akaketi kuelekea mwezi, akaanza kushukuru. Hakushukuru kwa sauti ya msikitini. Alizungumza kama mtu anayemhadithia jirani mambo ya nyumbani.

"Nashukuru kwa kuku wangu mweupe, ametotoa vifaranga tisa na mwewe amechukua mmoja tu. Nashukuru goti limepoa. Nashukuru kwa mvua ya juzi, ijapokuwa imenilowesha kuni."

Akimaliza alinigeukia. "Na wewe, mwanangu, sema yako."

Mara ya kwanza sikuwa na langu. Nilisema nashukuru kwa uzima.

"Huo ni wa kila mtu," akasema. "Tafuta wako."

Nikafikiri sana, halafu nikasema nashukuru kwa kuwa siku ile wali haukuungua. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo linafaa. Mwezi uliofuata nilikuwa na mawili, na mwezi wa tatu nilijikuta mchana, nikiwa kisimani au nikipepeta mchele, natafuta la kulisema usiku wa kumi na tano.

Kulikuwa na jambo moja katika siku hizo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Tulikuwa wawili tu, lakini futari aliyoipika ilikuwa ya watu watatu. Bakuli la tatu, la mihogo ya nazi au la kunde, lilifunikwa kawa na kuwekwa kando. Baadaye, usiku ukiendelea, ananiambia nilipeleke kwa bibi wa nyumba ya nyuma, na yule bibi analipokea akicheka kidogo, kama anayejua kwamba halikupikwa kwa ajili yake.

Lilikuwa la mdogo wake. Nyumba ya mama mdogo, kwa maana ndivyo nilivyomwita, ilikuwa hatua thelathini kutoka kwetu, ng'ambo ya kisima. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, naye ndiye mkunga wa kijiji. Hakujaaliwa mtoto wake mwenyewe. Mume wangu alilelewa nusu mgongoni mwa mama yake na nusu mgongoni mwake. Siku ya harusi yetu, nilipoletwa na watu wa kwetu, mavyaa alinipokea mlangoni pamoja na wanawake wengine, na mama mdogo hakuwamo. Alikuwa ameketi nje na wageni, akisubiri kuitwa ndani. Aliyetumwa kumwita alichelewa, na alipofika mimi nilikuwa nimekwisha kuingizwa. Mama mdogo akavaa buibui lake, akaenda zake, na pilau hakula. Aliwaambia watu kwamba amealikwa kama jirani, basi atakaa kama jirani, na mguu wake hautaingia tena nyumba ile. Wazee walijaribu kuwapatanisha mara mbili, wakashindwa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa chanzo, bila kujua, na mimi ndiye niliyekuwa njia baina yao. Kisimani mama mdogo alikuwa akinijazia ndoo kabla ya yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Goti la dada yangu vipi?"

"Linamuuma asubuhi."

"Usimwambie nimeuliza."

Nikirudi nyumbani mavyaa ananipokea ndoo. "Umemkuta nani kisimani?"

"Mama mdogo."

"Bado anakohoa?"

"Kidogo."

Anamimina maji mtungini, na kazi inaendelea. Mambo yalikwenda hivyo miezi minane.

Mwezi wa nane huo nilikuwa sijaona siku zangu mara ya pili. Asubuhi moja kisimani kichefuchefu kilinishika, nikainama kando ya njia. Mama mdogo alinishika paji la uso mpaka nikamaliza, akaninawisha kwa maji ya ndoo yake. Hakuwa na haja ya kuniuliza kitu.

"Umemwambia dada?"

"Bado."

"Mwambie."

"Namwogopa, mama mdogo."

Akacheka. "Hata mimi."

Niliamua kwamba nitamwambia mavyaa usiku wa mwezi mzima. Neno lenyewe lingekuwa shukurani yangu. Nililipanga siku nyingi, nikilisema moyoni huku nikitwanga.

Siku hiyo mawingu ya masika yalikuwa yamefunika tangu alasiri, na nilidhani hatutauona mwezi. Baada ya isha upepo ukayafukuza, mwezi ukatoka, mkubwa, mweupe, na uwanja ukaonekana wote mpaka nyayo za kuku. Tulichelewa kutandika mkeka kwa sababu mavyaa alikuwa anashona mfuko wa mchele uliotoboka. Watu wengi walikuwa wameshalala. Akashukuru yake, marefu usiku ule. Kisha akaniambia niseme yangu.

Nikakaa sawa. "Nashukuru kwa kuwa," nikaanza, na hapo akainua mkono.

"Subiri."

Alikuwa anatazama juu. Ukingo wa mwezi, upande wa chini, ulikuwa umeingia kitu kama moshi wa taa kwenye kioo chake cha chemni. Tulitazama sote wawili. Moshi haukuondoka, ulizidi kupanda, ukawa mweusi, na mwezi ukawa kama mkate ulioumwa.

"Umeshikwa," akasema.

Haukupita muda tukasikia sauti kutoka msikitini ikiwaita watu waje waswali, na upande wa Galu watu wakaanza kupiga madebe na masufuria, wakimwambia chatu, ambaye husemwa ndiye anayeumeza mwezi, auache. Mbwa wakabweka. Mavyaa alichukua birika akaanza kutia udhu, bila haraka. Mimi niliketi palepale mkekani, neno langu likiwa halijasemwa.

Ndipo niliposikia ndara zinakuja mbio kutoka kisimani. Mlango wa ua ukasukumwa bila hodi. Alikuwa mama mdogo, leso imemwanguka begani, ndara moja mguuni na nyingine mkononi.

"Dada, mwingize ndani."

Mavyaa alisimama na birika lake, maji yakimdondoka viwikoni. "Nimwingize nani?"

"Huyu mtoto. Ana mimba ya miezi miwili, nawe umemkalisha nje mwezi unashikwa."

Mavyaa alinitazama. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Ndilo nililotaka kulisema."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe umejuaje?"

"Kisimani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi huu uandame."

Nilidhani sasa patakuwa na ugomvi mkubwa kuliko wa mwanzo. Niliona uso wa mavyaa umebadilika, na hata katika mwanga ule uliokuwa unafifia nilijua kwamba nimemuumiza. Lakini aliweka birika chini. "Mshike mkono huo," akamwambia mdogo wake, "mimi nitamshika huu." Wakaninyanyua, wakanivusha uwanja wa hatua kumi kana kwamba ni daraja la mti mmoja, na mama mdogo akaupita mlango ule ambao alisema hataupita, wala sidhani alikumbuka.

Ndani alinilaza kitandani. Akaniambia nisijikune, nisishike kisu wala sindano, ninyooshe miguu, mtoto asije akazaliwa na alama.

"Baba hakutufundisha hayo," mavyaa akasema. "Alitufundisha kuswali."

"Baba hakuzaa. Aliyezaa ni mama, na mama alifanya hivi."

Mavyaa akafikiri. "Basi atalala kidogo, kisha ataswali," akasema, na hivyo ndivyo tulivyofanya.

Tulisimama safu moja, mavyaa katikati, akasoma kwa sauti ya chini. Swala ya kupatwa kwa mwezi ina rukuu mbili katika kila rakaa, nami sikuwahi kuiswali. Baada ya rukuu ya kwanza nilikwenda kusujudu, na nilipofika chini nikakuta mama mdogo naye yuko chini, kwa sababu alikuwa amesahau. Juu yetu mavyaa alikuwa bado anasoma, amesimama wima. Tukainuka taratibu. Niliona kwa pembe ya jicho bega la mama mdogo linatikisika, na nilimwomba Mungu asicheke, maana akicheka na mimi nitacheka.

Tulipotoa salamu mavyaa alifungua dirisha kiasi cha upana wa kiganja. Mwezi ulikuwa umemezwa wote, umekuwa mwekundu wa kiza kama shaba isiyosuguliwa, na nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wake zilionekana tele. Madebe yalikuwa yamenyamaza. Nadhani watu wote wa Mwabungo walikuwa wanatazama tu.

Mavyaa akarudi kwenye msala, akaketi, akanyoosha goti lake.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ya harusi nilituma mtu akuite. Alikawia, nikaona amekawia, na sikuinuka mimi mwenyewe kukufuata. Nilikuwa na wageni, nikaona haya kuwaacha. Nilikosa. Nakuomba radhi."

Mama mdogo alikuwa akifunga na kufungua ncha ya leso yake. "Nami ningeingia bila kuitwa," akasema. "Nimeingia nyumba hii bila kuitwa miaka ishirini. Siku ile nilikaa nje nione kama utanitafuta kwa macho."

"Nilikutafuta."

"Nilikuona ukinitafuta. Nikatazama kando."

Halafu akalia. Mavyaa hakuwa mtu wa kulia, wala hakujua la kumfanyia mtu anayelia. Alisogea karibu, akachukua ile ncha ya leso kutoka mkononi mwa mdogo wake, akamfuta nayo uso, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto aliyekula uji. Mimi nilikuwa nimerudi kitandani, nimenyoosha miguu kama nilivyoagizwa, nikitazama paa, na machozi yalikuwa yakiniingia masikioni.

Mwezi ulianza kuachiwa polepole. Mavyaa aliniruhusu kutoka ulipobaki ukanda mwembamba tu wa weusi. Akaleta bakuli lililofunikwa kawa, safari hii mihogo, imepoa, na tui limeganda juu. Mama mdogo alikula yote.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Umekula yote."

"Nimekula, lakini imezidi."

Kisha mavyaa akanikumbusha kwamba sikumaliza shukurani yangu. Neno nililolipanga siku zote zile lilikuwa limekwisha kusemwa na mtu mwingine. Nikasema nashukuru kwa mtoto, na nashukuru kwa wao wawili. Nikaongeza kwamba nashukuru kwa sababu nilikuwa namwogopa mama, na sasa simwogopi sana.

Mavyaa alinigeukia. "Ulikuwa unaniogopa?"

"Watu wote wanakuogopa," mama mdogo akasema, akilamba kidole.

Tangu asubuhi ya pili yake, nikimaliza kukuna nazi, hakukitazama tena kifuu changu. Siku hiyohiyo alipima pishi mbili za mchele, akazigawa sadaka kwa wajane watatu, na mama mdogo akatembea naye nyumba hadi nyumba, akibeba kapu kwa sababu ya lile goti.

Ijumaa mume wangu akaja kutoka Mombasa, ameteremka basi njia kuu na fungu la samaki wa kukaanga mkononi. Alipoingia uani alimkuta mama mdogo ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na mama yake anachochea moto, wanabishana kama mwezi ulianza kushikwa upande wa chini au wa kushoto. Akasimama mlangoni. Akawaamkia wote wawili, wakamwitikia bila kukatiza ubishi wao. Akanitazama mimi, nikainamisha uso.

Chumbani aliniuliza, "Kumetokea nini?"

"Mwezi ulishikwa," nikamwambia.

"Hata Mombasa ulishikwa. Nauliza hapa."

Nikakaa kitandani, nikamwambia aketi kwanza. Kabla sijafungua kinywa mama mdogo akaita kutoka jikoni kwamba yule mwenye mimba asiachwe na njaa, aje ale kwanza, maneno yatamngoja.

Mume wangu hakuketi. Alisimama akinitazama, bado ameshika lile fungu la samaki, mafuta yakiloanisha gazeti na kumchuruzika vidoleni.