Swali la Nne

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikaa benchi la nyuma ili mwalimu asinione. Herufi zangu zinaegemeana kama watu waliochoka, na pengine nimeandika "l" mahali pa "r". Kurasa hizi zimenichukua majuma matatu. Kama mnaweza kulisamehe hilo, liko lingine ambalo sijui kama linasameheka. Nataka kujua kama mkono wangu ndio ulioitoa mimba ya shemeji yangu, au kama ingetoka yenyewe. Nimekwisha kuwauliza watu, na hakuna aliyenijibu kwa neno moja.

Wakati huo vita vya Kampala vilikuwa vimekwisha, lakini kwetu kaskazini bado. Kaka yangu alikuwa koplo, naye alikuwa huko. Mimi na mke wake tulikaa Mbuya, hapo Kampala, kwenye nyumba za askari. Shemeji ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, mama yetu alipofariki. Yeye na kaka walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Majirani zake wote waliitwa mama wa fulani. Yeye waliendelea kumwita Bibi Koplo, na kila walipomwita hivyo bombani, niliona jinsi anavyoinama kutazama ndoo yake.

Mimi nilikuwa fundi viatu karibu na lango la kambi. Kazi ile ilinifaa kwa sababu mteja husema na kiatu chake, hasemi na mimi.

Kaka aliporudi kutoka vitani na mgongo uliokataa kunyooka, alipelekwa kwa daktari mmoja Mganda aliyesomea China tiba ya sindano. Alichomwa mara sita, akanyooka. Ndipo, kabla hajarudi kaskazini, akamwomba daktari yule anipokee kwenye darasa lake. Daktari, ambaye sote tulimwita Mwalimu, hakuuliza cheti. Alinipa sindano nyembamba kama unywele na kipande cha sabuni ya kufulia, akaniambia niizamishe bila kuipinda. Haikupinda. Akatazama vidole vyangu vyenye gundi ya viatu, akasema, "Njoo Jumatatu."

Chumba cha darasa kilikuwa juu ya duka la misumari, upande wa Kyambogo. Nilidhani nitakuta watoto wa shule. Nikakuta watu wazima. Alikuwepo askari magereza mstaafu kutoka Luzira, mtu wa kabila la Lango, tuliyemwita Afande. Alikuwepo mama mmoja Mkenya mwenye saluni ya nywele. Alikuwepo mzee aliyefanya kazi bandarini Port Bell ya kuunganisha mabehewa na meli, mwenye kidole kimoja kilichokatika. Na wengine watatu. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nikakaa tena benchi la nyuma.

Kila mtu alikuja na kosa la kazi yake. Mama wa saluni alimsemesha mgonjwa bila kupumzika, akasahau sindano ziko wapi. Mimi nilisukuma kama natoboa soli. Afande aliamuru. "Lala! Kunja mguu! Usitikisike!"

"Afande," mama wa saluni alimwambia akiwa amelala kitandani, "mimi si mfungwa wako."

"Wote husema hivyo."

Mwalimu alikuwa na sheria: huchomi mwenzako mahali ambapo wewe mwenyewe hujachomwa. Kwa hiyo tulijichoma chini ya goti kwanza, kisha tukachomana. Alitufundisha kungoja ule uzito unaokuja sindano ikifika, kitu kama maumivu ambacho si maumivu. Sikumwelewa mpaka mzee wa Port Bell aliponieleza kwa sauti ndogo. "Kijana, behewa likishika ndoano, utalisikia mguuni kabla sikio halijasikia. Ni hivyo." Siku ileile nikausikia. Kuanzia hapo mkono wangu ulikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu mwenyewe alisema.

Alitufundisha pia kushika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu. Alisema Wachina wa zamani waliusoma mshipa kama barua. Sisi tungehitaji miaka kumi, akasema, kwa hiyo tusijidanganye, tuulize kwa mdomo.

Kwa ajili hiyo palikuwa na fomu. Huruhusiwi kufungua pakiti ya sindano kabla hujaijaza. Swali la kwanza jina, la pili umri, la tatu dawa unazokunywa. La nne kwa wanawake: una mimba, au unaweza kuwa nayo? Chini yake, uliona damu yako ya mwezi lini mara ya mwisho? Kuna sehemu za mwili ambazo vitabu vinakataza kumchoma mama mwenye mimba. Moja iko kwenye mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyingine iko mguuni, juu ya kifundo kwa ndani.

Siku ya kujifunza kuuliza, mama wa saluni alijitolea kuwa mgonjwa. Afande aliuliza kama mtu anayeita majina gerezani. Mzee wa Port Bell aliuliza huku akikohoa. Ikafika zamu yangu.

"Haya baba, niulize," mama wa saluni akasema. "Mimi siumi."

Niliuliza jina. Niliuliza umri. Kwenye la nne ulimi ulikauka. Nilitazama kalenda ukutani, nikasema maneno fulani.

"Unaiuliza kalenda?" Mwalimu akasema. "Kalenda ina mimba?"

Wote walicheka, na mimi nilitaka sakafu inimeze mpaka dukani kwenye misumari. Baadaye Mwalimu aliniita pembeni. "Mkono wako umefaulu. Mdomo bado. Usimchome mwanamke yeyote nje ya chumba hiki mpaka mdomo nao ufaulu." Nikaitikia kwa kichwa. Hata hilo sikulijibu kwa mdomo.

Lakini nyumbani nilijisifu. Sijui kwa nini; pengine kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kunicheka. Tulikuwa tunakula, nikamwambia shemeji kwamba tunafundishwa kushika mshipa, na kwamba mshipa husema kila kitu kilichoko ndani ya mtu. Sikumwambia habari ya miaka kumi. Alinitazama kwa heshima mpya. "Kila kitu?" akauliza. Nikasema, "Kila kitu."

Kaka alikuja likizo ya siku kumi na nne wakati wa mvua kubwa, kisha akarudi kaskazini. Baada ya miezi miwili hivi, shemeji akashikwa na kichwa. Siku ya kwanza alifunga kitambaa. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu, mchana, aliketi mlangoni na macho yamefumba, akaniambia, "Shemeji, wewe si unasomea sindano? Nisaidie basi."

Kwetu, mke wa kaka humpi hata mkono hovyo. Yeye alinilea, lakini nilipoota ndevu tukaanza kupishana mlangoni kwa adabu. Na sasa alikuwa ananiomba. Tangu nije kwake nikiwa sijui kufunga vifungo vya shati, hakuwahi kuniomba kitu.

Nikatoa fomu. Niliandika jina lake, polepole. Niliandika umri. Niliuliza dawa, akasema amekunywa za malaria. Nikafika swali la nne.

Nilimtazama. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameikunja upande, anangoja. Jirani alikuwa anatwanga karanga nje. Ningesemaje? Ningemuulizaje mke wa kaka yangu damu yake ya mwezi? Miaka tisa watu wote walikuwa wanamuuliza swali lilelile, kwa macho, kwa nyimbo, kwa kumwita Bibi Koplo. Nikajiambia: kama angekuwa nayo, si dunia nzima ingejua? Si angekuwa anaimba? Nikaandika "Hapana." Ndilo neno pekee katika maisha yangu nililoliandika haraka.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Mambo ya darasa tu."

Nikamshika mshipa, kwa vidole vitatu kama nilivyofundishwa. Nilikaa hapo muda mrefu, kwa sababu nilikuwa naona haya kuendelea, na kwa sababu sikusikia kitu ila moyo wangu mwenyewe ukigonga. Yeye alikuwa ananitazama usoni. Kisha nikachoma mikono yote miwili, kati ya kidole gumba na cha shahada. Na kwa kuwa usiku alikuwa hapati usingizi, nikachoma na miguu, juu ya kifundo. Uzito ukaja, safi kabisa. Aliponiambia "umefika," kichwa kilikuwa kinaanza kumwachia. Alilala palepale mkekani mpaka jua likashuka. Alipoamka alinipikia mboga ya simsim, akaimba kidogo jikoni. Naona aibu kulisema hili, lakini hakuna siku niliyofurahi kuliko ile.

Siku ya pili yake hapakuwa na kitu. Siku ya tatu nilirudi kutoka kwenye viatu saa sita, nikamkuta jirani amesimama mlangoni, mikono ameipanua kwenye fremu.

"Usiingie."

"Kuna nini?"

"Ni mambo ya wanawake. Nenda kachote maji."

Nilichota maji. Niliporudi alipokea ndoo bila kunitazama. Nyuma yake niliona beseni limefunikwa kwa kitenge cha shemeji, kile cha Jumapili. Jirani akashusha sauti. "Ilikuwa ya miezi miwili. Bambi, maskini, miaka tisa, na alikuwa hajamwambia mtu. Aliogopa macho ya watu."

Nilisimama na ile ndoo ya pili mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikuwa nahesabu: mvua kubwa, siku kumi na nne za kaka. Hata fundi viatu angeweza kuhesabu.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya darasa. Nilikwenda kwa miguu, sikumbuki njia. Mwalimu alikusanya fomu za juma. Alipofika kwenye yangu alisimama.

"Huyu ni mwanamke," akasema. "Nani alikuruhusu?"

Nilificha vidole vyangu nyuma ya mgongo.

"Umemchoma mkono na mguu. Swali la nne umeandika hapana. Damu yake ya mwezi hukuandika tarehe. Ulimuuliza?"

Nikasimama. Nikasema, na safari hii sikutazama kalenda, "Sikumuuliza. Alikuwa nayo. Imetoka jana."

Mama wa saluni aliinuka, akanishika bega. "Mwanangu, sikiliza. Mimi nimepoteza mbili. Hakuna sindano iliyonigusa. Zinatoka tu, hasa hizo changa."

"Na malaria," mzee wa Port Bell akasema. "Malaria pia hutoa."

Afande alikuwa anakaza kamba ya kiatu iliyokuwa imekazwa.

Nilimgeukia Mwalimu. "Ni sindano?"

Alikaa. Alivua miwani. "Siwezi kukuambia ni sindano. Siwezi kukuambia si sindano. Vitabu vya zamani vinakataza. Madaktari wengine wa leo wanasema ni tahadhari tu, sindano haina nguvu hiyo. Mimi sijui. Ninalojua ni kwamba uliandika hapana." Akanyoosha mkono, nikampa pakiti yangu. Kisha akanirudishia fomu. "Nenda kamuulize. Ndipo urudi, kama utarudi."

Shemeji alikuwa amelala upande, anatazama ukuta. Niliketi chini, mbali na kitanda, nikamwambia yote: sheria, swali, neno nililoandika. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine. Nilitegemea anipige. Nilitamani anipige.

Aligeuka kunitazama.

"Ulinishika mshipa," akasema. "Muda mrefu."

"Ndiyo."

"Uliniambia mshipa husema kila kitu. Nikafikiri umeisikia. Ulipoinamisha kichwa nikafikiri, ameisikia, ameinyamazia kwa heshima, kijana niliyemlea. Nikafurahi, shemeji. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyefikiri anajua."

Ndipo akalia. Kwa hiyo ndiyo maana aliimba jikoni. Nilikuwa nimedhani anaimba kwa sababu ya kichwa.

Kabla sijatoka aliniambia nisimwandikie kaka. "Nitamwambia ilitoka yenyewe. Huenda ni kweli." Kaka alikuja mwezi uliofuata, akalia kama mtoto, kisha akaniambia mbele yake, "Afadhali ulikuwepo wewe, mwenye kujua tiba." Shemeji aliokota sahani, akatoka nje. Mimi nilibaki, na nilinyamaza tena.

Wenzangu walimaliza. Nasikia Afande anatibu magoti huko Luzira na siku hizi hupiga hodi kabla ya kuamuru. Mama wa saluni amenijia kwenye viatu mara mbili na ujumbe wa Mwalimu: nafasi yangu ipo, mdomo umefaulu. Sijarudi. Nikishika sindano ya viatu mkono unatulia. Nikifikiria ile nyembamba unatetemeka. Shemeji bado ni Bibi Koplo. Ananipakulia chakula kama zamani, ila tukila hatuzungumzi habari za mishipa.

Ninyi mnaosoma hapa, wengine wenu pengine mmesomea sindano hizi, au ukunga, au mmepoteza kama shemeji alivyopoteza. Acheni jibu lenu palepale mlipoipata karatasi hii, nami nitapita kulichukua. Ni mkono wangu, au ingetoka? Niandikieni hata kama jibu ni baya, hata kama mwandiko wenu ni kama wangu. Andikeni kwa herufi kubwa tafadhali, kwa sababu nasoma polepole, na hilo ninataka kulisoma peke yangu.