Juisi Nyekundu ya Mama Anselm

Emiliana alilipanda dungusi lile kwa sababu lilikuwa zuri. Marehemu mumewe alilitoa safarini, enzi akifanya kazi relini: kipande kimoja cha kijani chenye miiba, bapa kama kiganja, kimefungwa kwenye gazeti. Emiliana alikichomeka mbele ya nyumba yao hapa Itigi, kikatoa maua ya njano. Akakata vipande vingine, akazungushia ua mzima. Tangu hapo fisi hawakugusa tena mbuzi wake, na alipofiwa, ua ule ndio uliompa usingizi.

Lakini dungusi halijui mpaka. Ndege walikula matunda, wakaacha mbegu kwenye shamba la alizeti la jirani yake Lazaro, baba yake Peniel. Mwaka juzi Lazaro alilifyeka kwa panga mpaka jua likazama, akavitupa vipande ukingoni mwa shamba. Mvua ziliponyesha, kila kipande kikaota mizizi. Wataalamu walifika, wakasema huo ni mmea vamizi, wakapanda gari lao. Kana kwamba mkulima alikosa jina tu la kumwita adui yake!

Kiangazi hiki Lazaro alikuja asubuhi, akakataa kiti. Mvua za kwanza zikinyesha, alisema, atang'oa dungusi lote, la kwake na la ua. Emiliana akamkumbusha habari za fisi.

"Kama unalipenda hivyo, Mama Anselm, ulile."

Ilikuwa kejeli, lakini Emiliana aliishika. Kama dungusi ni chakula, nani atathubutu kuling'oa? Siku ya kwanza vimiba vidogo kama nywele vilimchoma ulimi, akashinda na njaa. Baadaye akajifunza kuyababua matunda kwenye moto wa nyasi, kuyamenya, na kuyakamua kwenye kitambaa. Ilitoka juisi nyekundu, tamu kweli. Akawa anakunywa kila jioni, peke yake. Katika siku hizo hizo akaingiwa na hofu nyingine, ambayo hakumwambia hata mwanawe Anselm kwenye simu.

Jumapili baada ya ibada alimpelekea Lazaro jagi zima. Lazaro alikunywa kikombe cha kwanza kwa heshima. Vilivyofuata hakubembelezwa.

Kesho yake mchana baiskeli ya Lazaro ikaangushwa mlangoni pa Emiliana.

"Umeninywesha nini, mama?"

Alieleza akiwa amesimama, macho chini kwa aibu. Alfajiri alikojoa mkojo mwekundu. Akajua ni kichocho, au kibaya zaidi. Yeye, mzee wa kanisa, amekaa zahanati kwenye benchi la wajawazito akiwa ameficha kichupa ndani ya kofia. Mkojo ukapimwa, hakuna ugonjwa. Ndipo nesi akamuuliza jana alikunywa nini, na alipotajiwa matunda ya dungusi akacheka: ni rangi yake tu, inapita.

Emiliana aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Ni rangi tu?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema nesi."

"Mimi nilidhani nakufa, Baba Peniel."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Kumbe naye aliona wekundu ule ule kwenye mkojo wake, akaamini ni uvimbe kama uliomuua mama yake. Alikuwa ameshaanza kuwaza mbuzi wake watabaki na nani.

Lazaro alisahau hasira iliyomleta. Safari hii alivuta kiti mwenyewe, akakaa.

"Ukaumwa na hofu yote hiyo, na mimi nipo hapo ng'ambo?"

"Ulikuwa umekataa kiti changu."

Emiliana akajifuta uso kwa ncha ya kanga na kutazama shambani. Alizeti ilipokuwa ikisimama, dungusi ndilo lililosimama. Ukweli ulimchoma kuliko vile vimiba: juisi yake ilikuwa tamu, na bado jirani yake alikuwa ananyang'anywa shamba.

"La upande wako tulimalize," alisema. "Tulibabue miiba, mbuzi walile, wako na wangu. Kisibaki kipande chini. La ua niachie, na matunda nitayachuma kabla ya ndege."

Jioni ile moshi wa nyasi ulipanda shambani. Lazaro alikata, Emiliana akababua, mbuzi wakatafuna huku ute ukiwachuruzika midomoni. Walikuwa bado mbali kumaliza mstari wa kwanza pale Lazaro alipouliza, bila kumtazama, kama kwenye jagi kumebaki chochote.