Ampuli Iliyomwangusha Komanda

Harufu ya plastiki ikiungua hunirudisha utotoni, mtaa wa Kilibula, hata leo, mimi mwenye studio mbili za picha hapa Uvira, niliyeacha shule mwaka wa tatu. Waliosoma wametundika diplome zao ukutani. Picha ya siku ya kuzipokea, nani aliwapiga? Ni miye.

Mwaka ule wa uasi, baba peke yake ndiye alikuwa na kamera ya flashi mtaani kwetu. Kila picha ya ndani ilikula ampuli moja, balbu ya flashi: paa! inawaka, inanuka plastiki, imekufa. Kazi yangu ilikuwa kuilamba kitakoni ili moto wa pili, yaani betri, upite vizuri. Nilijiona injinia.

Mchana mmoja mvua ilifunika ziwa, nyumba ikawa giza kama ndani ya chungu. Akaingia komanda wa waasi na bunduki yake, anataka picha ya kumpelekea mama yake kule Kiringye. Alikuwa amenyunyiziwa dawa: risasi zingegeuka maji, mradi asiguswe na mtu asiyenyunyiziwa. Basi baba akamnyanyua kidevu kwa mwiko wa bukari, ugali wetu.

Nikalamba. Baba akabonyeza. Chumba kikawa cheupe, komanda akawa chini ya meza.

“Weye mzee, umeniua!” alilia, mtutu umemwelekea baba. “Sioni kitu!”

Baba alikauka, mwiko mkononi. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

“Mutoto wangu, jipapase. Damu iko wapi?”

Akajipapasa. “Haiko.”

“Na nyusi?”

“Ziko.”

“Moto wote ule, hata unyusi haukuungua! Dawa yako iko kali kuliko ya wenzako.”

Komanda akatoka chini ya meza taratibu, akapangusa magoti. “Nilikuwa naijaribu,” akasema.

Miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwangusha komanda kwa ulimi wangu. Walionisikia kule Mutarule wanajua, kila nikisimulia waasi waliongezeka.

Hata juzi, nikipanga negative za marehemu baba, nikaisafisha ile ya komanda, picha ikatoka. Shingo nyembamba, macho yametoka, kidevu hakina hata unywele mmoja. Mdogo kuliko kijana wangu wa mwisho.

Sisi tulihitaji ampuli kuliona hilo. Mama alikuwa ameliona gizani.