Tuta la Wageni

Jirani yangu tunamwita Tuta, kwa sababu tuta la mbele ya zahanati yetu alilijenga yeye, baada ya mkewe kugongwa na pikipiki palepale na kuvunjika nyonga. Wageni walipokuja kuigeuza mitaa yetu kuwa uwanja wa mbio za magari za kimataifa, aliyepewa sururu alibomoe ni yeye huyohuyo. Na alibomoa huku anatabasamu. Walimpa koti la kung'aa, chakula cha mchana na kazi ya kupaka kingo za barabara rangi nyekundu na nyeupe. Kichwa kikamvimba.

Nyumba zetu zilipakwa rangi upande wa kamera tu. Siku ya mbio tulizungushiwa ukuta, tukabaki kutazama kwenye televisheni magari yanayopita nyuma ya vyoo vyetu. Wageni walipoondoka, daraja la waenda kwa miguu walilotuwekea juu ya barabara lilifunguliwa nati likaenda nao. Kumbe lilikuwa la kukodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliachiwa lami laini, na kila kijana aliyeazima gari la mjomba wake akajiona bingwa.

Mke wa Tuta alisimama kando ya barabara na mkongojo wake, dawa zake za presha ziko zahanati, ng'ambo ya barabara. Akarudi mikono mitupu. Kesho yake vilevile.

"Tuta ulinijengea mimi," alimwambia mumewe, "halafu ukalivunja kwa sahani ya chakula. Haya, nibebe mgongoni."

Maneno yalimchoma. Akaenda ofisi ya barabara, ambako mhandisi hata kiti hakumpa.

"Mzee, barabara hii sasa ni ya kimataifa. Haiwekwi tuta."

"Sasa mke wangu avuke vipi, bosi?"

"Awe makini."

Awe makini! Mtu ana vyuma nyongani, anaambiwa awe makini mbele ya wendawazimu. Mimi ningemtukana. Tuta alisema asante.

Kesho yake, mchana kweupe, alivaa koti lake, akapanga koni, akaanza kumwaga zege barabarani. Nani amuulize mtu mwenye koti la kung'aa? Askari wa trafiki ndiye aliyemsimamishia magari. Zege liliposhika, Tuta akalipaka masalio ya rangi yake, nyekundu na nyeupe.

Mhandisi alipolikuta alifunga breki, akashuka, akalizunguka.

"Hili wameliacha wageni?" akamuuliza Tuta.

"Mimi kibarua tu, bosi. Rangi si unaiona?"

Mhandisi aliitazama sana ile rangi. "Basi mtu asiliguse," akasema. "Wakirudi wataliulizia."

Lingekuwa letu, lingevunjwa kabla ya adhuhuri.

Akarudi kwenye gari lake, lakini hakuweza kuondoka. Mke wa Tuta alikuwa katikati ya barabara na mkongojo wake, anakwenda kuchukua dawa, na siku hiyo hakuwa na haraka hata kidogo.